Mwaka wa Kuifungua Injini

Wifi yangu Mize haoni tena, lakini nilipoingia jikoni kwao Kengeja, siku ya harusi ya mjukuu wake, alinitambua kwa sauti kabla sijamaliza kutoa salamu. Tulikuwa hatujaonana miaka mingi, mimi nikiwa Wete na yeye akiwa hapendi tena safari kwa sababu ya mgongo. Wanawake walikuwa wamejaa, hawa wakikuna nazi, wale wakichambua mchele, na moshi ulikuwa umetanda mpaka macho yanawasha. Nilidhani ataniuliza habari za watoto, au atamtaja marehemu Bakari, aliyekuwa kaka yake yeye na mume wangu mimi. Badala yake alinishika kiganja, akanivuta nikae naye mkekani, akasema, "Zuwena, kuna jambo lanisumbua. Zile valvu zilikuwa sita au nane?" Nikamwambia nane. "Umeona!" akawageukia wasichana waliokuwa wakikuna nazi. "Nawaambia hawasadiki. Nane, na zote nimezisugua mimi na huyu." Wasichana wakatazamana wakacheka, kwa kuwa hawakujua valvu ni nini wala bibi yao ana habari gani za injini. Sisi wawili tuliongea mpaka wali ukapakuliwa, na tangu nirudi nyumbani mambo ya mwaka ule hayajanitoka kichwani.

Ulikuwa mwaka wa mwanzo wa vita vikuu vya pili. Mimi nilikuwa bi harusi wa miezi saba katika nyumba ya vyumba viwili na ukumbi, nyuma ikiwa na ua uliozungushiwa makuti. Katika ua ule palikuwa na jiko, mgomba mmoja wa mkono wa tembo, banda la kuku, na gari. Ilikuwa gari ndogo ya Kiingereza, ambayo Bakari na kaka yao mkubwa, Faki, waliinunua kwa bwana shamba mmoja wa Chake aliyekwisha kuichoka, na kabla ya bwana yule ilikuwa imewachosha wengine. Rangi yake hata sijui niiite vipi. Bakari alipakia abiria kutoka Kengeja mpaka Mtambile, na wakizidi kupatikana aliwafikisha Chake. Tatizo lilikuwa mpando mmoja mrefu wa kabla ya kufika Mtambile. Hapo gari ilikuwa ikianza kukohoa, Bakari akisimama na kuwaambia watu, "Shukeni," nao wakishuka na vikapu vyao na kupanda kilima kwa miguu, gari ikiwafuata nyuma taratibu. Watu walikuwa wameshaupa mpando ule jina la Shukeni, na mpaka leo wapo wanaouita hivyo bila kujua kwa nini. Jioni nilipokuwa nikipepeta mchele ukumbini niliyasikia mazungumzo ya wanaume barazani. "Yakhe, gari ya Bakari nzuri," alisema mmoja, "unalipa nauli halafu unaisindikiza." Walicheka sana. Bakari naye alicheka, lakini alipoingia ndani hakula.

Kisha ikamvunja mkono. Ilikuwa asubuhi, mimi nakaanga vitumbua, yeye anaiwasha gari kwa hendeli, chuma cha kuizungushia injini kwa mbele, pale uani kama kila siku. Injini ikapiga kinyume, hendeli ikarudi kwa nguvu, nikasikia mlio kama wa ukuni mkavu. Nilipogeuka alikuwa amekaa chini, ameukumbatia mkono wa kulia, uso umekuwa wa kijivu. Fundi wa kuunga mifupa alimfunga mabanzi, akasema miezi miwili asishike kitu kizito. Siku ya tatu Faki akaja kutoka Mtambile, alikokuwa na duka. Faki alikuwa mtu wa haki, asiyependa maneno mengi. Wakakaa ukumbini, na mimi nyuma ya pazia nikawa nakunja nguo ile ile moja mara kumi ili nisikie.

"Kuna mtu Chake anataka injini ya kuendeshea kinu cha mafuta," Faki alisema. "Yetu itamfaa. Kinu hakipandi kilima."

"Na mimi je?"

"Wewe wajua kuendesha. Mkono ukipona nenda Tanga, huko gari za mashamba ya mkonge zataka madereva."

Bakari akasema, "Nipe mpaka karafuu zianze kuchumwa."

"Kwa ajili ya nini, Bakari? Spea haziji, vita hivi. Gari imezeeka."

"Ikipanda Shukeni na abiria wanne, asishuke mtu?"

"Ikipanda na abiria wanne bila mtu kushuka," Faki alisema, "mimi mwenyewe nitamwambia mtu wa Chake atafute injini pengine. Isipopanda, nauza."

Nikaketi kitandani na ile nguo mapajani. Tanga nilikuwa naijua kwa kuisikia tu. Niliwajua pia wanawake wa Kengeja ambao waume zao walikwenda huko kwa miezi sita, na wengine sasa wanahesabu miaka. Hakuna aliyeniuliza mimi naonaje, na kwa desturi ya siku zile sikutazamia kuulizwa. Ila usingizi wa mchana uliniruka, nikaenda uani nikaitazama gari. Kwa miezi saba nilikuwa nikianika kanga zangu juu ya boneti yake, na sikuwahi hata mara moja kujiuliza ndani yake mna nini.

Kesho yake, wakati wa chai, nilimuuliza Bakari kwa nini gari haipandi. Tulikuwa na muhogo wa kuchemsha na changu, na nilikuwa nikimchambulia miiba kwa sababu ya mkono wake. Akanijibu kama anayemjibu mtoto. "Haina pumzi." Nikamuuliza pumzi yaingilia wapi na yatokea wapi. Akanitazama. Nikamuuliza tena. Akachukua pampu ya baiskeli iliyokuwa ikining'inia ukutani, akaniambia niizibe kwa kidole na nisukume. Nikahisi hewa inagoma. "Legeza kidole kidogo." Hewa ikatoroka kwa mluzi. "Basi," akasema, "injini ni pampu nne. Kila pampu ina milango miwili ya chuma, mmoja wa kuingizia na mmoja wa kutolea. Milango ile imeungua, haifungi sawasawa, na ndani mmejaa masizi. Nguvu zote zatorokea mle. Ningekuwa na mkono ningeifungua."

"Mimi ninayo miwili," nikasema.

Jioni alisema tutafanya uani tu, mlango ukiwa umefungwa, na Mize awe pamoja nasi. Mize alikuwa ameachika mwaka ule na amerudi kukaa kwa kaka yake. Alikuwa na mikono yenye nguvu na mdomo usiotulia, na nadhani kazi ile ilimponya kitu ambacho hakikusemwa. Tulianza baada ya adhuhuri, watu wanapolala. Bakari alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mkono kifuani, akitaja kwa mdomo kila tunachotakiwa kushika. "Hiyo nati. Si hiyo. Ya kushoto. Polepole, ikikatika hiyo tumekwisha." Tulipokinyanyua kichwa cha injini, Mize na mimi tuliinama tukachungulia kwa pamoja, na tukagongana vipaji vya nyuso. Sitasahau nilichokiona. Pistoni nne zilizopakwa weusi kama matako ya sufuria, na pembeni mwake ile milango aliyoisema, yaani valvu, vifuniko vinane, vidogo, vya mviringo, vimekaa viwili viwili. Bakari akamwambia Mize azungushe hendeli taratibu, na vikaanza kuinuka na kushuka kwa zamu, hiki kikifunguka kile kikifungwa, wala havikukosea. Nikasema azungushe tena. Na tena. Nadhani niliwaomba mara saba, mpaka Mize akasema, "Wifi, mkono wangu nao utavunjika."

Vifaa vya gereji hatukuwa navyo, na kama vingekuwapo madukani tusingeviweza. Bakari alijua kinachotakiwa kufanyika, sisi tukawa tunatafuta cha kufanyia. Masizi tuliyakwangua kwa vipande vya kifuu, kwa sababu alisema chuma kitachuna pistoni. Kwa kusugulia valvu alitaka dawa fulani ya chenga inayouzwa katika mikebe midogo. Tulitwanga kipande cha jiwe la kunolea visu, tukachekecha unga wake kwa kitambaa changu cha kuchujia tui, tukauchanganya na mafuta ya nazi. Ndipo nilipogundua kwamba kuisugua valvu ni kupekecha. Kila moja ilikuwa na mfuo juu yake. Tulichonga kijiti, tukakitia ncha ya msumari uliofuliwa bapa, tukaikalisha ile ncha kwenye mfuo na kupekecha kijiti kati ya viganja, mbele na nyuma, kama bibi zetu walivyokuwa wakipekecha moto. Bakari alikuwa akihangaika siku zote na bisibisi, na sisi tulimaliza valvu mbili kabla ya alasiri. Tulizipanga juu ya ungo kwa mpangilio zilivyotoka, kila moja na mahali pake, na kuku mmoja akaruka juu ya ungo akazitawanya zote. Tulitumia siku mbili kuzijaribu moja moja mpaka tukajua ipi ni ya wapi, na kuku yule tulimla Ijumaa.

Ya kujaribia yalikuwa mafuta ya taa. Ukiyamimina juu ya valvu iliyofungwa na yakapenya chini, bado inavuja. Valvu ya kwanza mafuta yaliisha kabla sijasimama. Tukapekecha tena. Ya pili yalikaa muda wa kuosha mchele. Siku tuliyomaliza niliyamimina kwenye zote nane, nikabandika wali, nikarudi wali umeiva na mafuta bado yapo. Nilimwita Bakari aje aone. Alitia kidole, akanusa, akasema, "Hata ilipokuwa mpya sijui kama ilifunga hivi." Halafu palikuwa na ile gaskiti ya shaba inayokaa katikati ya kichwa na injini, imekakamaa kwa uzee. Bakari alisema lazima ipatikane nyingine kutoka Unguja. Mimi nilikuwa nimewahi kumwona sonara akiilainisha shaba, basi nikaitandaza juu ya makaa mpaka ikawa nyekundu, nikaitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Ikatoka laini kama ngozi ya mbuzi. Tundu za kabureta, zinazopitishia petroli kwenye injini, nilizizibua kwa unywele wa mkia wa ng'ombe, kwa kuwa waya ungezipanua. Mize, ambaye alisema gari ni nzito kwa sababu ya yale makochi ya nyuma, aliyang'oa, akakiwamba kiti kwa kamba za nazi kama kitanda.

Nikikumbuka leo naona jinsi nilivyokuwa na furaha, na kwamba furaha ile haikuwa ya kumnusuru mume wangu na safari ya Tanga, ingawa ndiyo iliyonianzisha. Mjukuu wangu ana gari ya Kijapani na sijamwona hata siku moja akiinua boneti. Ikigoma hupiga simu. Simlaumu. Lakini namwonea huruma kidogo, kama ninavyomwonea mtu anayekula pweza bila kujua anavyopigwa.

Mkono wa Bakari ulipofunguliwa ulikuwa mwembamba kama wa mtoto. Kuendesha aliweza, hendeli hakuweza. Nikajifunza mimi, kidole gumba kikiwa upande mmoja na vingine, ili ikipiga kinyume initeleze tu. Tulitoka alfajiri, sisi watatu, na magunia mawili ya muhogo badala ya abiria. Kwenye tambarare gari ilikimbia mpaka Mize akashika ushungi wake kwa mikono miwili. Injini ilikuwa na sauti nyingine kabisa, nzito na ya kutulia. Tukaushika mpando wa Shukeni, tukapanda, tukapanda, mimi nikiwa nimebana meno, na tulipofika kwenye kalvati la katikati injini ikafa. Haikukohoa wala kulegea kwanza, ilizimika kama kibatari kilichopulizwa. Tukarudi chini kinyumenyume, tukajaribu tena. Ikafia kwenye kalvati. Mara ya tatu vile vile.

Bakari hakugomba. Tulirudi nyumbani, akachukua kikapu cha ukili akaanza kutia nguo zake. Nilisimama mlangoni. Nilipaswa kulia, na Mize alikuwa akilia jikoni. Lakini mimi kichwani nilikuwa na neno moja tu. Nikamwambia, "Kwa nini pale pale?"

"Zuwena, niache."

"Ingekuwa imechoka, ingechoka hapa leo na pale kesho. Mara tatu yafia mahali pamoja. Siku za nyuma iliwahi kupanda na watu?"

"Mara moja mbili."

"Siku gani?"

Akafikiri, kanzu mkononi. "Nilipotoka kujaza petroli."

Nilikwenda jikoni kumtilia chai. Birika letu lilikuwa kubwa, la mdomo mrefu, na chai ilikuwa imebaki nusu. Nililishika vibaya, mdomo juu na tako chini, na chai haikutoka. Nikasimama nalo hivyo hivyo. Nikaliinamisha, ikatoka. Nikalirudisha, ikakoma. Nikaongeza maji mpaka likajaa, nikalishika kwa ule ule mshazari wa kwanza, na maji yakamwagika yenyewe. Mize akaacha kulia akaniuliza nimepatwa na nini. Nililibeba birika mpaka chumbani likidondosha maji sakafuni. "Bakari, tangi liko wapi?" Akasema chini ya kiti. "Na injini mbele. Tukiwa juu ya mpando, kipi kiko juu?" Nikamwonyesha kwa birika, limejaa kisha nusu. "Na watu wakikaa nyuma, springi zabonyea, mdomo wazidi kwenda juu. Wakishuka, mdomo wateremka. Ndiyo maana ilikuwa ikipanda watu wakishuka. Haikosi nguvu. Yakosa petroli."

Alinitazama, akalitazama birika, akalichukua akafanya mwenyewe kwa mkono wake mbovu, mara mbili. Kisha akazitoa nguo kikapuni moja moja.

Fundi bati wa Mtambile alitutengenezea kidebe chenye mfuniko, kiasi cha chupa tatu. Tukakifunga juu, nyuma ya injini, mbele ya kioo, na kutoka hapo tukapitisha mrija wa shaba uliokwenda chini moja kwa moja kwenye kabureta. Kabla ya mpando dereva angekijaza kwa chupa, na petroli ingeteremka hata gari ikisimama wima kama mnazi. Haikuwa sura nzuri. Watoto wa Kengeja waliiita gari ya pembe.

Siku ya majaribio alikuja Faki, akakaa mbele. Nyuma tulikaa mimi, Mize, na jirani yetu Bi Chumu, mwanamke mwenye mwili wake, ambaye Faki mwenyewe alimchagua. Watu walikuwa wamesimama chini ya mpando, kwa maana habari haikufichika. Tukapanda. Tukafika kwenye kalvati, tukalipita, na Mize akanifinya paja mpaka akaniacha alama. Tulibakiwa na kipande kifupi, kikali kuliko vyote. Bakari alitaka kuingia gia ya kwanza. Kwa mkono wa kushoto akashika gia, na ule wa kulia peke yake ukabaki kwenye usukani, na haukuwa na nguvu bado. Usukani ukamponyoka, akaurukia kwa mikono yote miwili, gia ikakosa kuingia, injini ikazimika. Akavuta breki. Bi Chumu akaanza kusoma dua.

Niliruka chini kabla sijawaza. Nikaweka mawe nyuma ya magurudumu, nikachomoa hendeli chini ya kiti, nikaenda mbele. Watu waliotufuata kwa miguu walikuwa wamesimama kandokando wakinitazama, mke wa Bakari, ushungi umeteremka mabegani. Nikazungusha mara moja. Ikaitika. Nikarudi, nikapanda, na gari, kutoka kusimama kabisa, pale pakali kuliko pote, na watu watano, ikaondoka. Tulipofika juu Bakari alisimamisha, maji yakichemka ndani ya rejeta.

Faki akajipangusa uso. "Nilisema bila mtu kushuka," akasema, polepole, kama anayesikitika. "Na mtu ameshuka."

Bakari hakumtazama. Alitazama mbele, barabarani. "Abiria hakushuka, kaka," akasema. "Aliyeshuka ni fundi."

Bi Chumu aliacha dua katikati. Faki aligeuka nyuma, akanitazama mimi, kisha mikono yangu, iliyokuwa bado na weusi kwenye kucha ambao hakuna limau lililoutoa. "Fundi wa nini?" akauliza.

"Wa hii. Yeye ndiye aliyeifungua, na kidebe hiki ni akili yake. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya kinu."

Tukaendelea mpaka Mtambile. Pale Faki aliteremka mbele ya duka lake, akazunguka gari, akakigonga kile kidebe kwa kidole, akasema, "Mtu wa Chake nitamwambia atafute pengine." Akaingia dukani. Gari ile ilitufanyia kazi karafuu zile na zilizofuata, mpaka vita vilipotumaliza kwa tairi, na Bakari hakuiona Tanga ila kwa matembezi, tulipokuwa wazee.

Lakini jioni ile alirudi kutoka barazani mapema kuliko kawaida yake, jua likiwa bado lipo. Nilikuwa nimepika ndizi kwa nazi. Akanawa, akakaa, akala tonge mbili. Nikaona lipo jambo.

"Wamesemaje?" nikamuuliza.

"Wameniuliza, kama mke ndiye anayetengeneza gari, je, nyumbani wali napika mimi?"

Nilitaka kumwambia asingelitamka, angewaacha wadhani ni yeye. "Ukawajibu nini?"

Akachukua tonge la tatu. "Nimewaambia walete gari zao."

Tukala. Mize alikuwa akicheka peke yake chumbani, kwa kuwa naye alikuwa na nguo za kukunja nyuma ya pazia. Nami nikamuuliza Bakari lililokuwa likinikera tangu pale juu ya kilima. Kwa nini, alipofunga breki, gari ilivutia upande wa kushoto?

"Sijui," akasema. "Yafanya hivyo tangu tuinunue."

Tulinawa mikono, tukatoka uani kwenda kuangalia.